Mhariri, ile "jaribu tena baadae" niliiandika mimi

Mhariri, salaam kutoka Kigoma.

Kuna sentensi moja ambayo nadhani kila mwenye simu nchi hii ameshaisoma mpaka kaizoea, ile ya "Kuna hitilafu imetokea, tafadhali jaribu tena baadae". Mimi nipo Mwanga, kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya wavuti, na naomba kanafasi kwenye gazeti lenu niseme hiyo sentensi huwa inatoka wapi, mana kuna siku niliiandika mwenyewe kwa vidole vyangu na ikala hela ya mama wa watu.

Kilichonisukuma zaidi ni ukurasa wenu wa teknolojia. Mliwashauri vijana wanaoanza kwamba usafi wa kazi ni kupanga vitu kwa aina yake, kontrola zote ziwe na folda yao, modeli zote folda yao, eksepsheni zote nazo folda yao, basi umemaliza. Hizo mbili za mwanzo sina ugomvi nazo. Hiyo ya tatu ndo imeninyanyua kitini, kwasababu ndo hivyo hivyo nilivyofanya, na ilikuwa safi kweli, na ndo iliyoniponza.

Wasio wa fani ngoja niwaelezee haraka, wa fani rukeni. Mifumo mingi ya wavuti inagawanywa vipande vitatu kwa mtindo unaoitwa MVC, ni mtindo wa siku nyingi, aliubuni Mnorwei mmoja anaitwa Trygve Reenskaug mwaka 1979 akiwa Xerox PARC kule California, enzi hizo wavuti yenyewe haijazaliwa. Modeli ndo inayoshika biashara, yaani magunia, oda, hela. Viu ni kile mteja anachokiona kwenye kioo. Kontrola ni kama kijana wa kaunta, anapokea ombi la mteja, anaenda kumuuliza modeli, alafu anampa viu aonyeshe.

Eksepsheni sasa. Chukua kuli wa pale Kibirizi, umemtuma apeleke gunia la dagaa kwenye fuso inayoenda Kahama, kafika kakuta fuso imeshaondoka. Hawezi kurudi kukwambia "tayari bosi" mana hajapeleka, na hawezi kukaa kimya na gunia kichwani, kwaiyo anapiga kelele. Hiyo kelele ndo eksepsheni. Kwenye kodi (ya kompyuta, sio ile ya TRA, na najua wakubwa wa lugha wanataka tuseme msimbo ila sijawahi kumsikia mtu akilisema hilo neno kazini) tunasema kuli amerusha, na atakayeisikia kelele akaifanyia kitu tunasema amedaka, kama golikipa. Aliye karibu asipodaka, kelele inapanda kwa aliyemtuma, na kwa aliyemtuma huyo aliyemtuma, mpaka juu kabisa, na huko juu kama hakuna kipa mfumo unalala chali.

Lugha za kompyuta zinakuja na kelele zao tayari. PHP ilipata eksepsheni toka toleo la 5 mwaka 2004, Java imezaliwa nazo. Ila hizo za kununua dukani hazijui dagaa wala gunia wala oda, zinajua tu kwamba namba sio sahihi au faili halipo. Kwaiyo unatengeneza klasi zako, yaani aina zako mwenyewe za kelele, na hapo ndo maswali yanaanza, uzipe majina gani, uziweke wapi, nani azidake.

Mfumo wangu ulikuwa wa wafanyabiashara wa dagaa. Mnunuzi yupo Tabora au Kahama au Dar, anaagiza kwa simu, analipa kwa simu, mzigo unapakiwa huku. Wasiojua ziwa letu niwaambie dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanalala nyumbani kwao, kwaiyo biashara haiendi sawasawa mwezi mzima, kuna siku mfumo hauna mtu kabisa hata unajiuliza kama umezima, alafu giza likirudi na mzigo ukakauka kila mtu anataka kulipa asubuhi ile ile moja.

Asubuhi moja ya namna hiyo mtandao wa malipo ukawa mzito. Mama mmoja mnunuzi wa jumla, yupo Tabora, akaagiza magunia 6, akaweka namba ya siri, akasubiri, kioo kikamwambia kuna hitilafu imetokea jaribu tena baadae. Mama wa watu mtiifu, akajaribu tena. Kikamwambia tena. Akaenda kuchota maji akarudi akajaribu mara ya tatu. Mchana akanipigia, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, alafu akatulia kidogo akauliza, "Mwanangu, hela zangu mmezitupa ziwani?" Ilikuwa imekatwa mara tatu zote.

Nilimrudishia, ilichukua siku kadhaa na nusu ya heshima yangu. Ila usiku ule nilikaa na kodi yangu nikaisoma kama mtu anayesoma barua ya zamani ya mapenzi, yaani unaona aibu kila mstari. Folda ya eksepsheni ilikuwa na klasi 38. Zimepangwa kwa alfabeti, kila moja faili lake, zinapendeza hata kuzipiga picha. Alafu nikafungua kontrola ya malipo, kazi yote imewekwa ndani ya mtego mmoja mkubwa wa kudaka, na mtego umeandikwa daka eksepsheni yoyote ile, ikitokea onyesha ile sentensi. Nikafungua kontrola ya oda, hivyo hivyo. Ya mizigo, hivyo hivyo. Majina 38, sikio moja, tena kiziwi.

Hilo ndo ninalotaka kulisema, Mhariri, mengine ni matawi yake: eksepsheni haipangwi kwa kuangalia imefanana na nani kwa umbo, inapangwa kwa kuangalia ikirushwa nani atafanya nini. Kama hakuna mtu popote kwenye mfumo atakayefanya kitu tofauti kwa sababu ya jina hilo, basi hilo jina halina kazi, futa, tumia ya dukani. Katika zile 38 nilifuta 20 na kitu na hakuna kilichovunjika. Nyingine zilikuwa hazijawahi kurushwa hata siku moja, zilizaliwa siku mtu ana hamasa. Nyingine zimepewa jina la mahali badala ya jina la kosa, OdaKontrolaEksepsheni, hiyo inakwambia nini? Kwamba kuna jambo limetokea kaunta. Na mbili zilikuwa kitu kimoja kabisa, StokiHaitoshi niliitengeneza mimi na MzigoHautoshi akaitengeneza dogo nayefanya naye kazi, mana folda yenye mafaili 38 nani anaisoma yote kabla ya kuongeza la 39?

Sasa rudini kwenye malipo, hapa ndo pana utamu na ndo pana hatari.

Ukiomba mtandao wa simu ukate hela kwa mteja, majibu ni matatu, sio mawili. La kwanza, wamekata. La pili, wamekataa, labda salio halitoshi, labda namba ya siri sio. La tatu, hujui. Ombi umetuma, umesubiri sekunde 30, kimya. Inawezekana ombi halikufika kabisa. Inawezekana lilifika, hela ikakatwa, jibu ndo likapotelea njiani likirudi. Ukiwa upande wako hayo mawili yanafanana kama mapacha, huwezi kuyatofautisha kwa kuyaangalia, mpaka uende kuuliza tena. Na mimi hilo la tatu nilikuwa nimelidaka pamoja na la pili, nikaliambia sentensi moja, jaribu tena. Kumwambia mtu aliyekataliwa ajaribu tena ni sawa, hajapoteza kitu. Kumwambia mtu ambaye hujui kama umeshamkata ajaribu tena ni wizi, hata kama hukukusudia.

Kwaiyo leo kwenye malipo kuna klasi mama moja, MalipoEksepsheni (ukimdaka mama umedaka na watoto wake wote), na chini yake wako ndugu wawili tu wa maana. MalipoYamekataliwa, huyu ana watoto wake kama SalioHalitoshi, jina ambalo kila Mtanzania kashalisoma bila kufundishwa. Na JibuHalijulikani. Huyu wa pili nimemweka makusudi awe ndugu wa yule wa kwanza, asiwe mtoto wake, ili mtu akidaka yaliyokataliwa asije akamzoa na huyu kwa bahati mbaya. Anayemdaka JibuHalijulikani hamwambii mteja ajaribu tena, anaifunga oda isilipike upya, anaiweka kwenye foleni ya kuulizwa, na kila oda ina namba yake moja inayotumwa kila mara, ili hata ombi likirudiwa, upande wa pili, kama unaiheshimu hiyo namba, ujue ni malipo yale yale.

Hivi vitu havitokei kwa mafundi wa mikoani peke yetu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na haikumaliza hata dakika moja ikapasuka angani. Kompyuta ya kuongoza ilijaribu kuingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16, haikuenea, ikarusha eksepsheni. Wengi wakiisimulia wanaishia hapo kwenye namba kutoenea. Mimi kinachoniuma ni kilichofuata, mana kipa alikuwepo, tena alidaka, ila alikuwa kafundishwa kwamba kelele yoyote maana yake kifaa kimekufa, na kifaa kikifa unakizima, kompyuta ya akiba inashika. Akakizima. Ya akiba ilikuwa na programu ile ile na ilishajizima kwa sababu ile ile chini ya sekunde moja kabla. Na hesabu yenyewe iliyoleta balaa ilikuwa ni urithi wa Ariane 4, roketi ikishanyanyuka ilikuwa haihitajiki tena. Kelele ilikuwa ya kweli, msikilizaji ana tafsiri moja tu. Nikiisoma hiyo naiona kontrola yangu.

Haya, kuhusu wapi zikae. Mimi naziweka jirani na biashara yake. Kuna folda ya Malipo, ndani yake kuna modeli za malipo, huduma za malipo, na eksepsheni za malipo. Kuna folda ya Mizigo, ya Wateja, vivyo hivyo. Mtu akija kubadilisha malipo anafungua chumba kimoja anaona kila kitu pamoja na vile vinavyoweza kuharibika humo, hahitaji kwenda stoo ya jumla kutafuta. Na siku ukiamua kuitoa sehemu ya mizigo yote unaondoka na eksepsheni zake, haziachwi kama viatu vya mgeni mlangoni. Watumiaji wa Laravel (fremuweki ya PHP, yaani kiunzi cha tayari cha kujengea mfumo) watanibishia, mana ukiiambia ikutengenezee eksepsheni yenyewe inaipeleka kwenye app/Exceptions, kwaiyo vijana wanadhani ni amri. Sio amri. Hamisha faili, badilisha neimspesi (anwani ya klasi ndani ya kodi) ifanane na folda mpya, rekebisha waliokuwa wanaiita, inatembea kama kawaida.

Juu ya zote naweka mama mmoja wa mfumo mzima, alafu mama wa kila chumba, alafu watoto, basi. Ngazi tatu zinatosha, ukiona umefika ya tano jua unachora ukoo kwa raha zako. Hata hao mama nao wawe na kazi, yaani awepo mtu anayewadaka kwa jina hilo. Microsoft walipotoa .NET, jukwaa lao la kutengenezea programu, waliwaambia watu eksepsheni zao zirithi kutoka ApplicationException, baadae wenyewe wakaja kusema haisaidii kitu, mtu arithi kutoka Exception moja kwa moja, mana hakuna aliyekuwa anaidaka yule wa katikati. Alikuwa ni mzazi wa kwenye makaratasi tu.

Swali lililonisumbua zaidi ni zile namba ambazo wavuti inajibu nazo kusema ombi limeishaje, 404 na wenzake. Nilikuwa naziandika ndani ya eksepsheni zenyewe, OdaHaipo anabeba 404 mfukoni, SioMaliYako anabeba 403. Laravel inakuruhusu hata uandike ndani ya eksepsheni jinsi itakavyojionyesha kwa mteja, na dogo wangu anaipenda sana hiyo, tumegombana nayo wiki nzima tukila migebuka na ugali huku tunanuniana. Mimi nakataa. Modeli haijui habari za wavuti na haitakiwi kujua. Tuna kazi inayoamka usiku wa manane yenyewe, hakuna mteja, hakuna kioo, inapita kwenye foleni ya oda zenye JibuHalijulikani na kuuliza mtandao wa simu moja moja, ile hela ilikatwa au haikukatwa. Inatumia modeli zile zile, inarushiwa eksepsheni zile zile. Sasa usiku wa manane namba 404 unampa nani, popo?

Kwaiyo tafsiri inafanyika mlangoni, sehemu moja, kwenye ukingo wa mfumo ambapo kelele inataka kutoka nje kwenda kwa mteja. Laravel mpaka toleo la 10 pana faili linaitwa Handler kwa ajili hiyo, toka toleo la 11 la mwaka 2024 wamelihamishia kwenye bootstrap/app.php. Watu wa Spring, fremuweki ya Java, wana ControllerAdvice toka toleo la 3.2. Kila fremuweki ina mlango wake, utafute. Pale nimeandika orodha fupi: kisichokuwepo 404, kisicho chako 403, oda iliyokwisha kulipwa 409, mtandao wa simu kukataa hata kupokea ombi letu 503, na yote ambayo hayajatajwa 500. JibuHalijulikani nilikaa nalo siku mbili, mwisho nikalipa 202, ambayo maana yake ni tumepokea ila hatujamaliza. Yaani ni eksepsheni ndani ya nyumba lakini nje kwa mteja sio kosa hata kidogo, na hapo ndo nilipoamini kabisa kwamba namba hazitakiwi kubebwa mfukoni, mana jambo moja linaweza kuwa kelele huku na habari ya kawaida kule.

Faida yake kontrola zangu zimekonda. Mitego ya kudaka imetoka karibu yote, kijana wa kaunta anapokea, anauliza, anajibu, kukitokea kelele inampita inaenda mlangoni. Anadaka mwenyewe pale tu ambapo ana la kufanya, kwa mfano stoki haitoshi, badala ya kumfukuza mteja anampa idadi iliyopo, unataka magunia 10 yapo 7, uchukue?

Na vitu vingine sio eksepsheni jamani. Mteja kuandika namba ya simu pungufu sio ajabu, ni Jumatatu. Hiyo unaikagua mlangoni unamrudishia fomu yake na maelezo, usiende kuiamshia modeli.

Kuna na hili la kampuni za watu. Kila mtandao wa malipo unakuja na maktaba yake na eksepsheni zake zenye majina ya ajabu ajabu, na mimi zamani nilikuwa naziacha zipande zenyewe mpaka kwenye kontrola. Tulipoongeza mtandao wa pili nikajikuta kontrola inajua mambo ya ndani ya makampuni mawili. Sasa hivi kwenye chumba cha Malipo kuna mkalimani kwa kila mtandao, kazi yake kudaka kelele ya kigeni na kurusha ya kwetu, huku ile ya kigeni akiifunga ndani yake kama ushahidi. PHP inaruhusu hivyo toka 5.3, unarusha mpya umeambatanisha iliyotangulia. Wengi wanasahau hiyo kuambatanisha, wanadaka, wanarusha mpya tupu, alafu wiki ijayo wanatafuta chanzo kwenye logi, lile daftari la mfumo la kuandika yaliyotokea, hawakioni.

Hapa huwa namkumbusha dogo habari ya Liemba, na yeye kama mtoto wa Ujiji huwa anajifanya kachoka kuisikia. Ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isije ikachukuliwa, ila kabla ya kuizamisha wakapaka mashine grisi nzito. Waingereza wakaja kuiibua 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Aliyeizamisha alijua kuna siku mtu atakuja kuitafuta chini huko. Na mimi nikimwambia dogo funga eksepsheni ya kwanza ndani ya ya pili naishia kumwambia paka grisi, na anaelewa.

Upande wa mteja na upande wa fundi lazima ziwe sentensi mbili tofauti. Nimewahi kuona mfumo wa watu, sitawataja, ukigoma unamwagia mteja jina la jedwali la databesi na neno la siri nusu, kisa fundi alichukua ujumbe wa ndani ya eksepsheni akauweka kwenye viu kama ulivyo. Ujumbe wa ndani ni wa kwangu, unaenda kwenye logi na mnyororo wake wote. Mteja anapata Kiswahili chake na namba fupi ya tukio, akipiga simu ananisomea hiyo namba na mimi naiona kelele yake katikati ya kelele zote. Zamani tulikuwa tunaulizana ilikuwa saa ngapi mama, ulibonyeza wapi, simu yako ya aina gani, yaani kama polisi.

Najua kuna watakaosema mfumo wao una eksepsheni 5 tu, kuna haja gani ya vyumba. Hakuna haja, ziwekeni hata folda moja, sitakuja kuwakagua. Nilichokuwa nabishana nacho kwenye ukurasa wenu ni kuwaambia vijana kwamba ukishazipanga folda moja umemaliza, wakati kazi hata haijaanza, kazi ni kukaa na kila moja na kuuliza huyu akilia nani anaamka. Kama mna nafasi siku moja andikeni na hilo la majibu matatu, mana kila kijana anayejifunza leo kesho atapewa mfumo wa malipo, iwe ya ada, iwe ya maji, iwe ya nauli.

Yule mama bado ni mteja wetu. Mwezi juzi mtandao ukazingua tena, safari hii kioo kikamwandikia, "Mtandao wa simu haujatupa jibu kuhusu oda yako ya magunia 4. Usilipe tena. Tutakutumia ujumbe tukishajua." Hakulipa tena. Baada ya kama nusu saa ujumbe ukamfikia kwamba hela ilikatwa na oda imeshakubaliwa, akanipigia, nikajua kumekucha. Akasema, "Mwanangu hii ya sasa nimeielewa, ila huyo kompyuta wako mbona anaongea na watu wazima bila salamu?"

Salamu tumeshaiweka.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma